Kumtafuta Fundi wa Bangili ya Chuma

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya mguu wa mtu. Nalisema hili mapema ili ninyi mnaonisoma hapa Tambarare msidhani nilikwenda Nairobi kutembea. Mguu wenyewe ulikuwa wa Hamadi, askari wa kikosi chetu, aliyeumwa na nyoka aitwaye kifutu kule Daraja la Chumvi tukiwa mazoezini. Ambulensi iliyombeba ilikata mkanda wa feni katikati ya nyika. Dereva hakuwa na wasiwasi, maana sandukuni mlikuwa na mkanda mpya uliotoka stoo kwangu, na namba yake ilikuwa namba ya gari lile. Akauvisha. Ukapungua kwa vidole viwili. Waliuvuta, wakaupaka mafuta, wakauvuta tena. Gari la pili lilipofika kumchukua Hamadi, jua lilikuwa limekwisha kuegemea, na siku ya tatu madaktari walimkata mguu wa kushoto juu ya goti.

Jeshi letu ni dogo, nanyi mnalijua. Magari yake yalikuja kwa nyakati tofauti kutoka nchi tofauti, mengine ya kununua, mengine ya kupewa, na askari wameyabandika majina ya wanyama: Nyati, Pofu na Kongoni. Ambulensi zote ni Kongoni. Nyati ndiyo malori ya zamani zaidi. Baba yangu aliyaendesha, na mimi nilijifunza kusoma kwa kuangalia maandishi ya milango yake. Baada ya mkasa wa Hamadi, Kanali aliniita, mimi Sajini Mwamvua, mtunza stoo ya vipuri, akanipa kazi ya kuyafanya magari hayo yasikilizane. Vipuri viwe vya aina chache, alisema, na cha gari hili kiweze kukaa kwenye lile. Alinichagua kwa kuwa stoo yangu ilisifiwa kwa usafi. Kwangu kila kitu kilikuwa na namba, na kisicho na namba hakikulala humo.

Mafundi walipoifungua ambulensi ile, niliiona tena bangili. Naiita bangili kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: duara la chuma lililokerezwa likang'aa, lenye matundu sita, na upande wa ndani fundi amegonga nukta tatu ndogo. Miaka miwili nyuma gari lile lilikwenda Nairobi kuchukua dawa, likaharibika pampu ya maji huko huko. Mtu fulani akachukua pampu ya lori la aina nyingine kabisa, akaikalisha kwenye injini ya Kongoni, na katikati akaweka bangili hii ili vitu viwili visivyojuana vishikane. Gari liliporudi niliikagua, nikaipenda, nikaandika kwamba gari ni zima.

Sasa nilipoishika mkononi nilianza kuota macho wazi. Niliona bangili mia rafuni, zimelaliana kama sahani za harusi, na kila pampu ikikaa kwenye kila injini. Nilimtafuta dereva aliyekwenda Nairobi wakati ule, mzee aliyekwisha kustaafu. Alikumbuka kidogo sana. "Fundi ni mama, si mwanamume," aliniambia. "Kawangware au Kibera, moja kati ya hizo." Kanali alinipa siku kumi, akaniamuru nivae nguo za kiraia.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi la mpakani nikiwa na bangili ndani ya soksi, na daftari langu la vipimo vya vipuri vyote, Nyati, Pofu na Kongoni. Nililala, nikaamka, nikalala. Kila nilipofumbua macho dirishani kulikuwa na nchi nyingine: mkonge, halafu vumbi jekundu, halafu mbuga ya manjano ambamo twiga mmoja alisimama peke yake kama aliyesahau alichofuata. Sikujua tena kama nilikuwa nasafiri au barabara ndiyo iliyokuwa ikipita chini yangu.

Jumatano asubuhi, Nairobi. Nilikuwa nimeambiwa kuhusu baridi ya Julai lakini sikuamini. Wingu lilikuwa chini, la kijivu, limeshikana, na watu walitembea ndani yake wamevaa makoti kama wanaotembea ndani ya usingizi wao wenyewe. Nilipata chumba cha wageni Kawangware, nikanywa chai ya maziwa kwa mandazi mawili, nikashika njia kwenda kule wanakokuita Fote Siksi, kwa kuwa mwenye chumba aliniambia huko ndiko kwenye wauza spea.

Pale kwenye makutano nilisimama kumpisha mtu wa mkokoteni, ndipo nikaona jambo ambalo mpaka leo naliona nikifumba macho. Pikipiki ya boda boda ilikata cheni mbele yangu. Nyuma amekaa mama mwenye mtoto kifuani, na mtoto alikuwa na homa. Hata mimi niliyesimama kando nilimwona macho yalivyolegea. Mwenye pikipiki alishuka, akaiokota cheni, akaitazama. Boda nyingine ikasimama bila kuitwa.

"Niaje. Imekatika?"

"Imekatika, buda. Na huyu mathe anaenda kliniki."

Yule wa pili alifungua kiti chake, akatoa kiungo cha cheni kilichofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Wakapiga magoti wote wawili kwenye matope. Kabla mama hajamaliza kumhamisha mtoto bega hili kwenda bega lile, cheni ilikuwa imerudi mahali pake, na pikipiki ikaondoka na wingu likaimeza.

Nilimfuata yule aliyebaki. "Kijana, unamfahamu mwenzako yule?"

"Nani, yule? Zii. Simjui."

"Sasa ulijuaje kama kiungo chako kitamfaa?"

Alinitazama kama aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka. "Si zote ni moja, madam. Ukiwa na ya kwako uko na ya kila mtu."

Nilitafuta mahali pa kukaa nikapata jiwe karibu na muuza mihogo. Nilikaa muda mrefu. Daraja la Chumvi lilinijia lote, mchanga wake mweupe na ule mkanda mfupi, lakini sasa kila kitu kilikuwa kimya na kinakwenda polepole, na Hamadi ananiangalia.

Saa tano hivi nilimpata Mutua. Ni Mkamba wa Kitui, mnene, mpole, anayeuza vipuri vya mtumba kwenye kibanda ambacho huwezi kusema ni wapi mlango unaishia na bidhaa zinaanzia. Nilimpa bangili. Hakuiangalia. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba ndani yake, mpaka kikafika kwenye zile nukta.

"Hii ni mkono ya Mama Velma," alisema. "Na pampu ilitoka hapa kwangu. Nakumbuka hiyo ambulensi ya jeshi. Watu walijaa hapa wakiuliza kama kuna vita."

"Yuko wapi huyo Mama Velma?"

"Kibera, upande wa Makina. Shuka na hii barabara ya Naivasha mpaka Kona, ushike Ngong Road, ukifika Soko la Toi uliza mashini ya Mama Velma. Hakuna mtu hamjui." Kisha akanirudishia bangili kwa mikono miwili. "Mwambie Mutua anasema bado iko smooth."

Mchana huo nilitembea kwa miguu yangu yote ile njia, kwa sababu nilitaka kufika nikiwa nimechoka. Nikiwa nimechoka huwa siogopi watu. Toi nilipotea mara mbili. Makoti ya mtumba yalining'inia safu kwa safu, mikono imelegea, na upepo ulipopita yaligeuka yote kwa pamoja kunitazama. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi mbele ya kilima cha viatu akivioanisha: anachukua cha kulia, anakizungusha, anatafuta cha kushoto. Nilimuuliza njia. Alininyooshea kiatu kuelekea mabati yaliyoshuka bondeni, yenye kutu ya rangi ya chai, na moshi wa jikoni umelala juu yake.

Kibera, kwenye karakana ya Mama Velma, nilisikia mashine kabla sijaiona. Ilikuwa ikikereza, na sauti yake ilikuwa nyembamba na ndefu, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Ndani mlikuwa na giza. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari, na kila tundu lilishusha uzi mmoja wa mwanga, na vumbi la chuma lilipanda ndani ya nyuzi hizo polepole. Mama Velma alikuwa mrefu, wa kutoka upande wa ziwa, amejifunga leso juu ya ovaroli, na miwani yake imeshikwa na waya.

"Karibu, dada. Umepotea ama umefika?"

"Nadhani nimefika." Nikajitambulisha, nikaeleza nilikotoka.

"Hiyo Kiswahili yako ni ngumu, aki. Nilidhani ni mtu wa redio."

Nilimpa bangili. Alitabasamu, akaifuta kwa ncha ya leso. Nikamwambia nilichotaka: anitengenezee bangili mia za vipimo mbalimbali, ili magari ya nchi yetu yaweze kuazimana pampu. Alikuwa bado anatabasamu nilipomaliza, lakini kitu kilikuwa kinamsumbua.

"Ngoja kwanza. Hii ulitoa wapi? Ilikuwa kwa meza yenu ama kwa gari?"

"Kwenye gari. Tumeitoa mwezi uliopita."

"Uwi!" Alikaa chini. "Dada, hii ilikuwa ya kuwafikisha nyumbani tu. Nilimwambia yule dereva: ukifika, toa, uweke pampu yenyewe."

"Gari lilikwenda vizuri. Hatukuona sababu."

Alichukua uzi mweupe na vifuniko vitatu vya mikebe, akavipanga juu ya meza. Hiki ni injini, alisema, hiki ni feni, hiki ni pampu. Akazungusha uzi kuvizunguka vyote, akaukata. Kisha akaondoa kile kifuniko cha pampu, akaweka kikubwa zaidi mahali pake. "Pampu ya lori iko na puli kubwa, hiyo gurudumu ya kushika mkanda. Sasa zungusha wewe."

Nilizungusha uzi ule ule. Haukufika. Ulipungua kwa vidole viwili.

"Mkanda ya kawaida haiwezi toshea hapo," alisema. "Ndio maana nilitafuta ndefu, mbili. Moja nikavisha. Ingine nikampa dereva iwe spea. Nilifunga na kitambaa nyekundu ndio msichanganye."

Kitambaa chekundu. Nilikiona wazi, kimefungwa fundo moja, kwenye rafu ya mwisho karibu na dirisha. Ulikuwa mkanda usio na namba, usiolingana na orodha yoyote. Ilikuwa wiki ya ukaguzi. Nilikuwa nimeutazama, nikajiuliza umetoka wapi, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunijibu niliutupa kwenye pipa pamoja na matambara, nikauchoma. Mkaguzi alisema hajaona stoo safi kama ile.

"Niliuchoma mimi," nilisema.

Mama Velma alinyoosha mkono akazima mashine. Sauti ile ilishuka, ikashuka, ikaisha. "Kulikuwa na mtu kwa gari?"

"Kulikuwa."

Hakuniambia pole. Alinisogezea kigoda, akaketi karibu nami mpaka magoti yetu yakagusana, na tukatazama nyuzi za mwanga zikihama kutoka kwenye meza kwenda kwenye sakafu. Baadaye sana alisema, "Na mimi sikuandika. Ningeandika karatasi niweke ndani ya sanduku ya gari. Nilifunga kitambaa nikaona imetosha."

Usiku huo na mingine miwili iliyofuata nililala kwake, chumba kimoja chenye pazia katikati. Binti yake Velma yuko chuoni, kwa hiyo nilipewa kitanda chake. Tulikula omena, wale dagaa wa ziwani, kwa ugali na mboga chungu iliyotulizwa kwa maziwa, na hakuniuliza tena habari za gari mpaka kulipokucha.

Alhamisi asubuhi tulipokuwa tukienda karakana, treni ilipita kwenye reli, na watu walijitenga nayo kidogo tu, kama mtu anavyompisha jirani mlangoni. Nilimuuliza lini ataanza kazi ya bangili zangu.

"Sitakufanyia," alijibu. "Si ati sitaki kazi. Nikikufanyia mia, utakuwa na gari mia za kipekee, kila moja na siri yake. Leo uko hapo unajua. Kesho umehamishwa, nani anajua?"

"Sasa nifanye nini? Nimepewa amri."

"Chagua. Weka zenye zinaelewana, ingine wacha iende."

Nilimwambia kwamba Nyati ndiyo imara, kwamba nchi nzima inayajua, kwamba baba yangu aliyaendesha mpaka macho yakakataa.

"Sijauliza ya baba yako," alisema kwa upole. "Nauliza ikiharibika, gani inaweza kuikopesha?"

Siku nzima tulifanya kazi kwenye daftari langu. Mimi nilisoma namba za vipuri, kama nilivyozoea. Alinikatiza. "Wewe unasoma majina. Nisomee saizi." Nikasoma vipimo: unene wa bolti, upana wa bearingi, umbali wa tundu kwa tundu. Naye aliviandika kwa chaki kwenye bati la ukuta, Pofu upande huu, Kongoni upande ule, na Nyati katikati. Kufikia saa tisa alasiri nilianza kuona. Bearingi ya gurudumu la Pofu na ya Kongoni zilikuwa kitu kimoja chenye namba mbili. Chujio la mafuta vilevile. Bolti za magurudumu vilevile. Viwanda viwili vilikuwa vinanunua kwa fundi mmoja na kila kimoja kikabandika jina lake. Miaka yote nilikuwa nimeviweka kwenye rafu mbili zinazotazamana, na siku moja ya mvua niliwahi kumrudisha dereva mikono mitupu kwa kuwa chake kilikuwa kimekwisha, na mwenzake amelala upande wa pili.

Nyati hakulingana na yeyote. Safu yake ya katikati ilibaki peke yake, na mama huyo hakuifuta. Aliniachia chaki, akatoka kwenda kununua maji. Nilisimama mbele ya bati mwanga ukipungua. Nilisikia watoto wakirudi shule, na redio ya jirani, na mtu akigonga bati mbali sana, na kwa muda nilikuwa Tambarare, nina miaka sita, nimesimama mbele ya mlango wa lori nikitamka herufi moja moja. Kisha nikaifuta safu ile kwa kiganja.

Jumamosi nilipanda basi la kurudi. Mama Velma alinisindikiza mpaka Toi, akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: bangili ni ya nini, puli ina upana gani, mkanda uwe wa urefu gani. Chini ameweka nukta tatu. "Hii ndiyo nilikuwa nimesahau," alisema. "Imechelewa, lakini peleka." Njiani nilijaribu kuota kama nilivyokuja, lakini usingizi ulinikataa. Nilikuwa natunga maneno.

Jumatatu saa nne asubuhi, kabla ya kwenda kambini, nilikwenda nyumbani kwa mama yake Hamadi. Nilimkuta Hamadi uani, magongo yake yameegemezwa ukutani, anachambua kunde. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: bangili, puli, kitambaa chekundu, pipa. Sikuongeza wala sikupunguza. Mikono yake iliendelea kuchambua mpaka nilipofika kwenye moto, ndipo ikasimama.

"Ulijua?"

"Sikujua. Lakini ningeuliza ningejua."

Alirudisha mikono kwenye kunde. "Nimesikia, Sajini," alisema. "Usije kesho. Wala keshokutwa. Njoo Ijumaa."

Jumanne nilimkabidhi Kanali taarifa mbili. Moja ilisema Nyati waondolewe, Pofu na Kongoni wabaki, na vipuri vyao viwekwe pamoja kwa vipimo badala ya majina. Ya pili ilihusu mkanda, na ilikuwa na jina langu. Ile ya kwanza ilipokewa kwa shangwe. Kwa sababu ya ile ya pili nilipunguzwa cheo, na ndiyo maana mnaniona sasa na mistari miwili begani. Niliachiwa stoo. Malori ya Nyati yaliondoka kabla ya mvua, moja nyuma ya jingine, madereva wazee wakiyapigia saluti kando ya lango, na wako wasionisalimu mpaka leo.

Mkiniuliza nilijifunza nini Nairobi, nitasema: magari hayasikilizani kwa kulazimishwa kushikana mikono. Husikilizana mtu akikubali kuacha baadhi, hata akipendacho, na akiandika kila alichokifanya ili ajaye baada yake asikipite kama takataka. Niliwahi kuiita stoo yangu safi. Sasa kuna rafu nzima ya vitu visivyo na namba, na hakuna kinachotoka pale kabla sijapata wa kumuuliza.

Ijumaa ile nilikwenda kwa Hamadi. Nilibisha, mama yake akanionyesha uani. Hamadi alikuwa amekaa pale pale, amevaa shati lililopigwa pasi, na mbele yake ameweka kiti cha pili.